Siku Kumi za Danieli na Mizani Yangu

Soma kwa ajili ya somo hili: Danieli 1:8–16, Mathayo 6:16–18, 1 Wakorintho 6:19, 20, Wagalatia 5:22, 23.

Je, ni vibaya Mkristo kutaka kupunguza uzito? Hapana. Lakini jambo jema laweza kufanywa kwa njia inayomharibu mtu. Nilijifunza hilo nikiwa na miaka 26, hapa Arusha, katikati ya miaka ya 1990.

Nilikuwa na kilo 96. Nilipopanda kutoka Tengeru kwenda Akheri nilisimama mara tatu njiani nikihema, huku akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani wakinipita. Hata hivyo nilijihesabu kuwa mtu mwenye kiasi. Sikunywa pombe, sikula nguruwe, na ingawa mashamba ya kahawa yalinizunguka, kahawa sikuionja. Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu la kwanza: nilijua orodha ya visivyoliwa, sikujua kipimo cha vinavyoliwa. Baada ya ibada ya Sabato nilikaribishwa nyumba mbili au tatu, na kila nyumba nilimaliza sahani: makande, wali, ndizi, chapati, kisha soda. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Mimi nilikunywa tatu. Nuru ya afya aliyopewa Ellen White kule Otsego, Michigan, mwezi Juni 1863, haikuhusu aina za vyakula tu, bali pia kiasi katika kula na katika kazi. Chakula safi kikiliwa kupita kiasi, bado ni ulafi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Rafiki yangu alikuwa anaoa, na suti yangu haikufungika. Basi nikatangaza katika kundi letu la maombi kwamba nitafunga siku kumi “kama Danieli.” Suti sikuitaja. Mama mmoja wa Akheri akanishika mkono. “Mwanangu,” akasema, “na mimi nitafunga pamoja nawe. Mtoto wangu anaumwa.” Ningesema nini? Nilisema, “Amina, mama.”

Kila asubuhi yeye alipiga magoti. Mimi nilipanda mizani. Siku ya nne nilikuwa nimepungua kilo tatu. Nilifurahi, bila kujua kwamba sehemu kubwa ya uzito unaotoka siku za mwanzo ni maji, nayo hurudi mtu akianza kula. Siku ya saba nilishindwa. Nilinunua chipsi mayai jioni karibu na soko la Kilombero, nikala nikiipa barabara mgongo. Siku ya nane mama yule akaniuliza, “Mwanangu, Bwana amekuonyesha nini kuhusu mtoto?” Sikuwa nimemtaja mtoto huyo mbele za Mungu hata mara moja.

Nikamwambia kweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Ungesema tu kwamba unataka kupungua. Ningekupakulia kidogo.” Mtoto wake alipata nafuu baadaye, lakini sikuthubutu kuhesabu maombi yangu kati ya yaliyomwombea.

Nilirudi kusoma Danieli sura ya kwanza kwa makini. Kwanza, Danieli hakuacha kula. Alikula chakula cha mimea na kunywa maji. Pili, alimweleza msimamizi wazi alichotaka na kwa siku ngapi. Tatu, na hili lilinichekesha na kunihukumu kwa pamoja, aya ya 15 inatuambia kwamba baada ya siku kumi vijana wale walionekana wamenenepa kuliko wenzao! Mungu hakupima uaminifu wao kwa wembamba. Jambo lililokuwa mezani ni mwili huu ni wa nani.

Basi swali langu likabadilika. Nikaacha kuuliza, “Nitaonekanaje?” Nikauliza, “Nimekabidhiwa nini, nami nakitunzaje?” Nilianza upya bila kutangaza ibada yoyote: sahani moja, maji mahali pa soda, chakula cha jioni mapema, na kutembea kwa miguu kutoka Sakina hadi mjini badala ya kupanda kifodi. Nilipokaribishwa nilisema mapema, “Mama, nipakulie kidogo,” na hakuna aliyekasirika. Kuna wiki nilianguka. Lakini mwaka ulipokwisha nilikuwa nimepungua kilo 11.

Ndipo ukaja mtihani mwingine. Miaka ile UKIMWI ulikuwa umetutia hofu, na aliyekonda alinong’onwa. Hata kanisani niliulizwa kwa sauti ya chini kama ninaumwa. Kama ningekuwa bado ninaishi kwa macho ya watu, ningerudia soda ili nisisemwe. Macho ya watu hayashibi: ukinenepa watasema, ukikonda watasema.

Ndugu mpendwa, tuwe waangalifu pia na ndimi zetu mlangoni pa kanisa. Unene wa mtu waweza kutokana na ugonjwa, dawa, au maumbile ya ukoo. Na mwembamba aweza kuwa mlafi. Tusimpime ndugu kwa kiuno chake. Kiasi ni tunda la Roho, na tunda haliivi kwa siku kumi.

Maswali ya kujadili:

1. Je, umewahi kufunga huku lengo lako la kweli likiwa jingine? Nani aliumizwa na jambo hilo?

2. Tunawezaje kupokea ukarimu wa wenyeji wetu bila kuvunja kiasi wala kuwavunja moyo?

3. Darasa lako linaweza kumsaidiaje kijana anayepambana na uzito bila kumwaibisha?