Mhogo wa Belgrave: Nasaha kwa Mwanangu Aliye Ugenini

Mwanangu, umeniambia kwenye simu kwamba tangu ufike Leicester hujaona cha kukufurahisha. Sikukemei. Nami nilipofika mji huo huo, mwezi wa Desemba, nilitoka kazini saa kumi jioni nikakuta jua limekwishazama, nikadhani saa yangu imeharibika. Sisi wa Tanga tumelelewa na jua lenye ahadi: linachomoza kwenye kumi na mbili, linatua kwenye kumi na mbili, na saa zetu tunazihesabu kwa hilo. Huko, siku za baridi kali, hulioni mpaka saa mbili na robo asubuhi. Mwili hupotea njia, na moyo huufuata. Basi nakuusia machache, yale yaliyonifaa mimi kwa miaka 15 niliyokaa huko.

Kwanza, usidharau kidogo. Mtu aliye kwao anaweza kungoja furaha ya arusi na Idi. Aliye ugenini akingoja hizo atashinda na njaa. Shika za kila siku: harufu ya iliki chai inapochemka, soksi ulizoanika juu ya bomba la kupashia nyumba joto, ukazivaa zingali na moto, jioni ile ya Februari unapotoka kazini saa kumi na moja ukakuta mwanga bado upo. Hizo ndizo kenda ulizozishika. Kumi za Tanga ni za nenda uje.

Pili, ukipata kitamu, jua kimeletwa na nani. Nenda barabara ya Belgrave. Utakuta mihogo imepangwa madukani, na mikahawani wanauza ya kukaanga, wao huiita mogo. Neno hilo ni letu, limesafiri. Waliolibeba ni Wahindi waliokuwa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Halmashauri ya Leicester ikatia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasiende mjini kwao. Wakaenda. Nyumba na maduka waliyaacha nyuma, lakini ladha ya mhogo hakuna askari aliyeweza kuwapekua akaichukua. Siku yangu ya kwanza dukani, mzee mmoja alinipimia kilo mbili, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, wa kuchemsha au wa kukaanga?" Nililia mbele ya mizani. Tangu siku hiyo sili mhogo bila ya kuwakumbuka watu walioambiwa wasije.

Tatu, shukrani itoke mdomoni. Huko abiria akishuka kwenye basi humshukuru dereva. Mwanzoni niliona kama mchezo: mtu analipwa, ashukuriwe la nini? Kisha nikakumbuka kwamba kwetu humwambii tu ndugu yako "pole na kazi", humwambia hata mchimba mtaro usiyemjua. Adabu ni ile ile, imevaa koti.

Nne, usipimepime. Jirani akikuletea matufaha ya mti wake mwezi wa Septemba, usimsimulie habari za embe dodo. Utakuwa umesema kweli, na utakuwa umemvunjia heshima. Kula kwanza, umsifie tunda lake. Siku ya embe itakuja, naye atakusikiliza kwa hamu.

Tano, shukrani usiifanye kawa ya kufunikia mambo. Baridi ni baridi. Ukipunjwa mshahara, dai haki yako. Ukifiwa huku nyumbani nawe huna nauli ya kuja kuzika, lia, wala usikubali mtu akunyamazishe kwa neno "shukuru tu". Nawe usimwambie hivyo mwenzio. Mwenye kulia hupewa kwanza pa kukaa na kikombe cha chai. Kushukuru atashukuru mwenyewe, siku yake ikifika.

La mwisho, usile peke yako. Kitamu ulichokishukuru kimoyomoyo ni nusu ya shukrani. Nusu ya pili ni kukipeleka mbele. Yule mzee wa mizani hakunidai chochote zaidi ya bei ya mhogo, lakini deni lake ninalo mpaka leo, na dukani kwake halilipiki. Hulipwa kwa mwingine.

Basi Desemba ikirudi, atatokea kijana mgeni kazini kwenu, anaitazama saa yake haiamini. Mchukue kwako. Fungua kopo la tui, teleka sufuria, umuulize kama nilivyoulizwa mimi: "Wa kuchemsha au wa kukaanga?" Akinyamaza ghafla, usimharakishe. Geukia jiko, endelea kumenya.