Umoja wa Neno Refu

Katika makutano ya Warwick mjini Durban, ambako soko la dawa za asili na masoko ya mboga yamebanana kando ya stesheni ya Berea, shirika linalowatetea wachuuzi tangu 2008 linaitwa Asiye eTafuleni, na sehemu ya pili ya jina hilo, yenye maana ya "mezani", inabeba swali la kale la falsafa: kitu chenye vipande vingi huwa kimoja kwa sababu gani? Asili yake ni tafel, neno la Kiholanzi lililoenezwa na Kiafrikana, ambalo mkazo wake, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, uko mwanzoni. Kizulu kiliongeza irabu na viambishi, ta-fel ikawa e-ta-fu-le-ni, na uzito ukahamia silabi ya pili kutoka mwisho, kama meza inavyokuwa mezani.

Kiholanzi chenyewe huunganisha kwa njia nyingine. Katika neno ambatani, yaani neno lililoundwa kwa maneno kamili, mkazo mkuu kwa kawaida huangukia sehemu ya kwanza, lakini sehemu nyingine hubaki na mikazo midogo na mipaka yake, hata kwartslagen likikatwa kwart-slagen ni robo za mzunguko, na likikatwa kwarts-lagen ni matabaka ya madini ya kwatzi. Aristotle alishasema kwamba silabi BA si B na A tu, kwa kuwa ikivunjwa herufi husalia na silabi hutoweka. Basi kuna kitu cha ziada, nacho ni mpangilio.

Clement Doke, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliutafuta mpangilio huo katika sauti: neno la Kibantu ni kile chenye mkazo mkuu mmoja, hivyo Kizulu huandika ngiyamthanda, "ninampenda", kwa pamoja, ingawa Kisotho huandika ke a mo rata kwa vipande vinne. Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya desturi za uandishi, ila ina ufa, kwa sababu katika Kizulu silabi ya pili kutoka mwisho hurefushwa waziwazi pale tu neno linapofunga kirai, yaani fungu la maneno yanayotamkwa pamoja, na likifuatwa na jingine ndani ya fungu hilohilo urefu huo humwendea mwenzake. Alama ya umoja wa neno, kwa hiyo, si mali ya neno lenyewe. Hukopeshwa na usemi.