Subira ya Seli

Mtu akishakula na sukari ikapanda katika damu, seli za beta ndani ya kongosho huongeza kasi ya kutengeneza insulini. Lakini mnyororo wa protini uliotoka kuundwa haufai kitu mpaka ukunjike kwa umbo lake halisi, na hilo hufanyika katika vijia vya utando vilivyo karibu na kiini cha seli. Mkunjo ukikosewa, protini hugandana na wenzake, zikawa mzigo.

Saa hiyo ya mzigo nimeitafakari sana. Ipo protini msaidizi iitwayo BiP. Katika utulivu huwa imeishika PERK, mlinzi aliyepachikwa kwenye utando, naye hukaa kimya. Protini zilizopotoka zikizidi, BiP humwachia na kwenda kuzihudumia. Hapo ndipo mlinzi huamka. Yaani habari ya dhiki humfikia kwa sababu msaidizi ameondoka kwenda kwa wanyonge. Nikifika hapa husema Subhanallah, nikanyamaza.

Na PERK akiamka hufanya nini? Husimamisha kazi. Uundaji wa protini mpya hupungua karibu seli nzima, ili zilizokwisha kuundwa zipate nafasi ya kukunjika sawasawa. Mlinzi wa pili, IRE1, huagiza wasaidizi zaidi. Mlinzi huyu wa pili alitambuliwa katika hamira mwaka 1993 na wanasayansi Peter Walter na Kazutoshi Mori, kila mmoja na wenzake. Protini zisizokunjika sawasawa kabisa hutolewa na kuvunjwavunjwa. Kisha protini nyingine, GADD34, huirudisha kazi. Dhiki ikidumu mno, seli hujiua.

Wapo watoto, wachache sana, wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya PERK. Seli zao za beta hazina njia hiyo ya kujizuia. Huharibika, na kisukari huwapata wangali wachanga. Jambo hili hunitia huzuni, tena hunitia hofu njema: kusimama, tunakokuhesabu kuwa uvivu, kuliwekwa ndani yetu na Muumba kabla hatujajua hata kutamka jina Lake, na uhai wetu unakutegemea.

Basi wewe unayemuuguza mzazi usiku kucha na alfajiri ukaenda kazini, usiyetaka mtu ajue kuwa umeelemewa, nakusihi: mwite ndugu yako leo akupokee, ulale.