Je, Chakula cha Asubuhi Ni Jambo la Tumbo Tu?



Asubuhi moja ya Jumamosi, hapa Magoma, tulikuwa tukiwafundisha watoto wa kipaimara. Msichana mmoja aliinamisha kichwa mara mbili, nasi tukamkemea mbele ya wenzake kwa uvivu. Mara ya tatu tulipomwambia asimame ajibu swali, alisimama, akayumba, akaanguka. Tulipompa maji na kumwuliza, alisema ya kuwa tangu jioni hakutia kitu kinywani ila kikombe cha chai kavu, naye ameshuka mlimani kwa miguu. Siku ile tuliona haya, maana tulimhukumu mtoto kwa kosa lisilo lake.

Tangu hapo twajiuliza: Je, chakula cha asubuhi ni jambo la tumbo tu, au ni jambo la haki pia?

Kwanza tuuangalie mwili wenyewe. Mtu alalapo, moyo wake haulali wala ubongo haulali, na sukari iliyowekwa akiba katika ini hupungua usiku kucha. Akiba ya mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Chai yenye sukari humtia nguvu kwa muda mfupi, kisha humwacha. Tena chai inywewayo pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata katika maharage na mboga. Na mwili ukikosa chuma, hupungukiwa damu.

Wala uji mweupe peke yake hautoshi. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa kwashiorkor, aliouona kwa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi. Matumbo yao yalijaa, lakini miili ilikosa vitu vya kuijenga. Upungufu ule wa mahindi huzibwa na maharage, karanga, maziwa au yai. Na tunda au mboga huleta yaliyosalia.

Basi, vitu hivi vyatoka wapi? Vingi vyatoka katika mashamba yetu wenyewe. Wazee wetu walikula kiporo cha muhogo au kiazi wakaenda kulima, wala hawakuona aibu. Leo wengine wetu hudhani kiporo ni ushamba, na chai na andazi ndiyo ustaarabu. Hata siku ya gulio twachukua mayai, maziwa, maharage na ndizi, twauza vyote. Kisha baba hukaa mkahawani, akanywa supu na chapati, na mtoto nyumbani hunywa chai kavu. Hatusemi ya kuwa kuuza ni vibaya, maana daftari, sabuni na dawa hununuliwa kwa fedha. Twasema hivi: fungu la mtoto litengwe kwanza, ndipo kilichobaki kiuzwe. Kuuza kwanza na kumpa mtoto masalio, huko ni kugeuza haki juu chini.

Mama mmoja alitujibu akasema, "Mchungaji, mimi huamka kabla ya jogoo, nateka maji, nafagia, nakwenda shamba. Wataka niwashe na moto wa pili?" Neno lake ni la kweli, nasi hatuwezi kulipita. Mzigo huu ukiwekwa juu ya mama peke yake, tumeondoa dhuluma moja na kuleta nyingine. Kwa hiyo baba na vijana wa kiume walete kuni tangu jioni. Maharage yapikwayo jioni yapikwe yazidi kidogo, yahifadhiwe vizuri, na asubuhi yachemshwe tena hata yawe ya moto sana. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mikono.

Tena ziko nyumba zisizo na cha kutenga: ya mjane, ya kibarua, ya mgonjwa. Wenzetu hao tusiwahubirie mayai. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hili ndilo kosa letu siku ile. Katika hesabu ya nchi yetu ya mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walionekana kuwa wamedumaa. Sababu zake ni nyingi, magonjwa pia yamo. Lakini sahani ya nyumbani ni sababu mojawapo. Twaomba mkate wetu wa kila siku, wala hakuna asemaye "mkate wangu". Basi mwenye debe la mahindi akumbuke sufuria ya uji ya shuleni, mahali ambapo wazazi huchangia, na asingoje mwanawe awe mwenye njaa ndipo achange.

Msichana yule tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kama tulivyomkemea mbele yao. Ninyi walimu mnaowafundisha watoto asubuhi, mkimwona mmoja anasinzia, msianze na fimbo wala na maneno makali. Mwulizeni kwanza, "Mwanangu, umekula nini leo?" Kisha mlisikilize jibu lake, hata kama litawagharimu kitu.