Tulichobeba Siku ya Kukimbia

Wapenzi wakatekumeni, sisi wa Mongbwalu tumezoea kupima dhahabu. Je, lililo kuu maishani tutalipima kwa nini? Miaka ya 2002 na 2003 makundi yenye silaha yaligombania mji wetu kwa ajili ya dhahabu hiyo hiyo, nasi tukakimbia. Nilikuwa mtoto wa shule. Nilishika viatu vyangu vipya, nikampita bibi kipofu, jirani yetu, ameketi mlangoni pake. Mchimbaji mmoja, ambaye sote tulimdharau kwa ulevi wake, alitupa mzigo wake akambeba bibi mgongoni. Hakusita, saa ya hofu mkono hutenda uliyoyazoea. Naye, mlevi huyo, alizoea kumchotea bibi maji kila jioni, wala hatukuliona jambo hilo kuwa kitu. Viatu vile vilinibana kabla mwaka haujaisha.