Je, Kutokuwapo Kunatosha?

Mtu akikaa mbali na jambo baya, je, amejitoa katika lawama? Swali hili limenisumbua tangu nilipokuwa mwalimu mkuu, na jibu lake nimelitafuta hata katika historia ya Waingereza.

Mwaka 1645 Bunge la Uingereza lilimkabidhi Thomas Fairfax uongozi wa jeshi lake jipya, akiwa na umri wa miaka 33. Mwaka uo huo alimshinda Mfalme Charles wa Kwanza huko Naseby. Januari 1649 aliteuliwa miongoni mwa watu wa kumhukumu mfalme huyo. Alihudhuria kikao cha matayarisho, kisha hakuonekana tena. Jina lake liliposomwa mahakamani, mkewe Anne alipaza sauti kwamba mumewe ana akili zaidi ya kuwapo pale. Tarehe 30 Januari mfalme akakatwa kichwa. Hati ya kifo ilitiwa saini na watu 59, Fairfax hakuwamo. Lakini jeshi lililoisimamisha mahakama ile lilikuwa chini ya amri yake.

Mimi ni nani hata nimhukumu? Mwaka 1987 bodi ya shule niliyoiongoza ilikutana kumjadili mvulana aliyeshtakiwa wizi. Nilijua ushahidi ni hafifu. Asubuhi ile nikatuma ujumbe kwamba homa imenishika. Muhtasari ukaandikwa na msaidizi wangu, na kijana akafukuzwa. Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba saini yangu haimo.

Huenda mtu akasema kwamba Fairfax angepinga, jeshi lingegawanyika na damu nyingi zaidi ingemwagika. Huenda. Lakini Juni 1650, alipotakiwa kuivamia Uskoti, alikataa waziwazi na kurudisha madaraka, yakachukuliwa na Cromwell. Vita havikuzuilika, ila kila mtu alijua Fairfax amesimama wapi. Kukataa huko kulimgharimu cheo. Kutokuwapo kwangu hakukunigharimu kitu. Aliyelipa ni mtoto.

Ndiyo maana naamini kwamba raia asiye na sauti aweza kukaa mbali, lakini mwenye madaraka hana ruhusa hiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, fundi seremala. Tukikutana sokoni huniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Naitika marahaba, lakini neno ninalodaiwa bado sijalisema.