Kuwasemea Waliokufa: Riwaya ya Kihistoria na Haki ya Marehemu

Riwaya ya kihistoria, yaani hadithi ndefu ya kubuni inayowekwa katika wakati uliopita na kuyafungamanisha maisha ya wahusika wake na mambo yaliyotokea kweli, huzaa swali la dini na maadili ambalo uzuri wa lugha peke yake hauwezi kulijibu: mtu aliye hai ana haki gani ya kutia maneno kinywani mwa aliyekufa, ambaye hawezi tena kukubali wala kukana? Kwa Mkristo swali hili linaigusa amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, kwa kuwa marehemu naye ni jirani asiyeweza kujitetea. Kwa Mwislamu linaligusa katazo la buhutani, yaani kumzulia mtu asilolitenda. Na kwa Mkamba wa Kithyoko, mji mdogo wa Masinga katika kaunti ya Machakos, linawagusa pia aimu, yaani roho za waliotangulia, ambazo mila ilizihesabu kuwa bado ni sehemu ya jamaa. Wasomaji wanapopendekezeana riwaya za zamani au za mambo ya kale huulizana kama kitabu kinavutia. Kuulizana kama kimewatendea haki watu waliomo ni jambo la nadra, ilhali ndilo zito zaidi.

Kutoka Ukambani kwenyewe msaada mkubwa katika suala hili ulitolewa na John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, ambaye kabla ya kutoa kitabu chake mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969 alikuwa amekusanya na kuchapisha hadithi za Wakamba. Mbiti aliugawa wakati sehemu mbili na kuzipa majina ya Kiswahili: Sasa, yaani wakati ambao walio hai wanauishi na kuukumbuka, na Zamani, yaani wakati uliokwisha kuipita kumbukumbu ya kila mtu. Aliyekufa, kwa maelezo yake, haondoki katika Sasa siku ya mazishi, bali hubaki humo akiwa mfu-hai, marehemu anayekumbukwa kwa jina na waliomjua, mpaka wa mwisho wao naye afe, jambo ambalo huweza kuchukua vizazi vinne au vitano. Kwame Gyekye wa Ghana, pamoja na wengine, alilipinga dai la Mbiti kwamba fikra ya jadi haina wakati ujao wa mbali, na pingamizi hilo lina nguvu; lakini mafundisho kuhusu wafu-hai hayalitegemei dai hilo.

Ikiwa kinachomweka marehemu karibu na walio hai ni kujulikana kama mtu, mwenye hofu na tamaa na namna yake ya kunyamaza, basi riwaya inaweza kufanya jambo ambalo orodha ya majina na tarehe haiwezi, kwa sababu humpa msomaji ujirani na mtu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona. Hata hivyo ujirani huo ni wa kubuniwa, na hapa ndipo lawama ya uongo inapopata mlango. Biblia yenyewe inatoa jibu la kwanza: nabii Nathani alipomwendea Daudi na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, mfalme alimkasirikia mtu ambaye hakuwahi kuwako, na kwa hasira hiyo akajihukumu mwenyewe. Kubuni, basi, si kusema uongo. Uongo huanza pale mbuni anapoficha kwamba amebuni, au anapomgeuza mtu aliyeishi kuwa chombo cha hoja yake. Ebrahim Hussein aliliona hilo vyema, ndiyo maana katika utangulizi wa tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, inayohusu vita vya Maji Maji, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si sawasawa na Kinjeketile Ngwale aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905.

Ugumu wa jambo hili unaonekana wazi katika habari za Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu aliyeongoza misafara kati ya Ukambani na Mombasa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa mgeni wake mwaka 1849, na ni katika safari hiyo alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea mto Tana, mto uleule ambao leo umezuiwa na bwawa la Masinga. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, naye Krapf akatangatanga peke yake nyikani, akibeba maji ya mto ndani ya mitutu ya bunduki yake. Aliporudi, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kusalimika ilhali mwenyeji wake amekufa, hata ikambidi atoroke usiku. Karibu yote yaliyoandikwa wakati huo kuhusu kifo hicho yametoka katika kalamu ya Krapf, na swali si hasa kama alikuwa mkweli. Tatizo ni kwamba shahidi ni mmoja, naye ndiye aliyelaumiwa. Lawama ya wafiwa imetufikia ikiwa ndani ya maelezo ya mtu waliyemshtaki. Mtunzi ambaye angewapa wafiwa hao nyumba, majina, kilio na hoja ya sheria yao, iliyomtaka mgeni afe na mwenyeji wake au amtetee, asingekuwa anaongeza uongo juu ya kumbukumbu. Angekuwa anairudishia kesi upande wake wa pili, mradi asimfanye Krapf naye kuwa kikaragosi.

Kinyume chake kinaonekana katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki kubwa kuliko yake ya kusimulia. Lakini shukrani kwa Waingereza imejaa humo kiasi kwamba mateso ya watumwa yanakuwa hatua tu kuelekea sifa za mkombozi. Kitabu hicho kinastahili kusomwa kwa heshima, na msomaji ahuzunike anapoona wafu wakinyamazishwa na mtu aliyewapenda.

Abdulrazak Gurnah alipita njia nyingine katika riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina Peponi. Yusuf, mvulana anayetolewa rehani kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, hakuwahi kuishi, na kisa chake kinafuata kwa mbali kile cha Nabii Yusuf katika Kurani. Hivyo hakuna marehemu mmoja anayezuliwa neno, wakati wavulana wengi walioishi hivyo bila kuacha jina wanapata uso. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Mkristo aliyesomeshwa na misheni ya Kikatoliki, naye aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliosumbuliwa na ukosefu wa mtoto, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, muda mfupi kabla hajafa. Uadilifu wake unastahili kusifiwa bila kusita, kwani alieleza ibada na dawa za wahenga wake kwa subira, bila kuwahukumu kwa imani ambayo hawakuwa wameisikia.

Kwa wasomaji wa Kithyoko, ambao kama wengi nchini Kenya huizoea riwaya kupitia vitabu teule vya mtihani na kisha hupokezana nakala chache zilizopo, kupendekeza kitabu cha namna hii ni kumpokeza mtu mwingine watu waliokufa. Mpendekezaji anawajibika kusema ni kipi kimebuniwa na ni nani aliyeachwa nje. Wajibu huo unazidi pale kitabu kinapohusu nyumbani, kama Broken Drum ya David Maillu, riwaya kubwa ya mwaka 1991 kuhusu Wakamba, kwa sababu Ukambani mbai, yaani ukoo, ungali hai na unawajua wake. Marehemu hawezi kukana, lakini wazawa wake wanaweza, na mtunzi au msomaji anayekisifu kitabu hana budi kuwasikiliza wanaposema kwamba babu yao hakuwa hivyo.